UZI: Shule ya sanaa ya mtaani kwetu Dodoma inafungwa, eti wanafunzi wachache. Wapima viwanja walitangulia kabla ya barua

Mtu wa Makole (mleta mada)

Mbukwenyi wakuu.

Nimeamua kulileta huku maana kwenye grupu la wazazi limeshageuka vita ya kurushiana sauti za dakika saba saba, na aliyekuwa msimamizi kajitoa. Uzi ni mrefu kidogo, naomba msome mpaka chini kabla hamjanirukia.

Hapa Dodoma mjini (kata naihifadhi kwa sasa) tuna shule ndogo ya sanaa: uchoraji, uchongaji, ufinyanzi na uandishi wa mabango. Ilianza enzi za CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, wakati huo eneo lile ni pembezoni kabisa, majirani zake ni mashamba ya uwele. Kuna madarasa mawili ya tofali za kuchoma, banda la bati kwa nyuma, na tanuri la vyungu ambalo upande mmoja umeshaporomoka. Ndiyo shule yote. Mchana wanasoma vijana wa kozi, jioni wanakuja waliotoka shule za kawaida, Jumamosi asubuhi watoto wa mtaa wanaingia bure.

Juzi kati hapa barua ikabandikwa getini. Mistari minne. Shule itafungwa muhula huu ukiisha "kutokana na uchache wa wanafunzi na gharama za uendeshaji". Muhuri, sahihi, basi. Wazazi hawakuitwa, na walimu wenyewe waliisoma pale pale getini wakiwa na chaki mkononi. Mmiliki simtaji. Akitaka kujieleza anajua pa kutupata.

Hoja yangu ni moja: hili ni suala la kiwanja limevalishwa sare ya shule. Wapima walikuja KABLA ya barua. Mama anayeuza uji jirani na geti aliwaona, wakaweka vile vipande vya nondo na rangi nyekundu, akawauliza ni mradi gani, wakamwambia "mama endelea na uji". Hakuna mtu anayepima kona za darasa kwa sababu wanafunzi ni wachache.

Na kila mtu hapa anajua kilichotokea kwenye ardhi ya Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ulifanyika mwaka 1973, tukasubiri mpaka tukazoea kusubiri. Mwaka 2016 serikali ikahamia kweli, 2017 CDA ikavunjwa, Aprili 2018 tukawa jiji. Kiwanja kilichokuwa pembezoni leo kiko kwenye lami, mbele kuna kituo cha bodaboda, kushoto lodge, kulia lodge. Mtu akikaa akapiga hesabu ya fremu kumi na mbili za maduka, darasa la kuchora ataliona kama kichaka. Namwelewa kabisa. Ila aseme hivyo, asituletee habari ya mahudhurio.

Tukija kwenye hayo mahudhurio. Rejista inahesabu wanaolipa ada ya kozi tu. Watoto wa Jumamosi hawamo. Mafundi wanaokuja kuazima ngazi, kukata stensili na kuchanganya rangi hawamo. Akina mama wanaochoma vyungu vyao kwenye tanuri lile bovu hawamo. Yaani watu wanaoitumia shule zaidi ndio hawaonekani kwenye karatasi.

Piteni wenyewe mtaani mkaangalie. Zile ramani za Afrika, mifumo ya chakula na herufi za A mpaka Z zilizochorwa kwenye kuta za shule za msingi huku kwetu, nyingi zimechorwa na vijana waliopita pale. Maandishi kwenye vioo vya saluni, "Hapa tunachaji simu", picha za kuku na chipsi kwenye vibanda, namba za mabasi. Hamkujua walijifunza wapi, kwa sababu hakuna anayemuuliza fundi rangi cheti.

Nieleze kitu kimoja nilichokiona kwa macho yangu ndipo mjue kinachofungwa ni nini. Turubai la kuchorea la dukani ni ghali na mara nyingi mpaka uagize Dar. Pale mwalimu anafundisha kutengeneza. Unachukua kitambaa cha amerikani, unalowesha, unaitandaza kwenye fremu ya mbao ikiwa mbichi, unapiga misumari kuanzia katikati ya kila upande kwenda kwenye pembe. Ukianzia pembeni inajikunja, na mwalimu hakuambii, anakuacha uone. Ikikauka imekaza kama ngoma. Halafu unapaka rangi ya ukutani nyeupe iliyochanganywa na gundi ya mbao, mikono miwili, unapitisha msasa laini katikati. Kwa rangi nyekundu ya kahawia wanatwanga ngeu, ule udongo mwekundu, wanachekecha kwa kitambaa cha chandarua kilichochakaa, wanaikorogea gundi. Mtoto wa darasa la tano anatoka pale anajua kutengeneza kitu kizima kuanzia mbao mpaka picha, kwa vitu vya soko la Majengo na udongo wa bure.

Na hiyo ngeu si jambo geni mkoa huu. Kilomita kama 180 kutoka hapa mjini, Kolo huko Kondoa, kuna michoro ya mapangoni iliyochorwa na watu waliotumia rangi nyekundu ya aina hiyo hiyo, wawindaji wa kale, halafu ya rangi nyeupe iliyokuja baadaye. UNESCO waliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Miamba yenye michoro ni zaidi ya 150. Mkoa wenye urithi wa dunia wa UCHORAJI unafunga mahali pa kufundishia uchoraji! Mgeni akitoka Kolo akatuuliza wachoraji wenu wa leo wako wapi, tumpeleke kwenye fremu ya vipuri?

Tunachotaka si kikubwa. Mmiliki aje kwenye mkutano wa mtaa aonyeshe hesabu, aseme kiwanja kinakwenda kuwa nini, na ufungaji usimame mpaka hapo. Tayari majina yanakusanywa, karatasi iko kwa yule mama wa uji.

Nawasilisha.

---

Mzabibu Mkavu

Naweka kambi hapa. Kuanzia geti la shule mpaka kituo cha boda nimekulia, nimechora tembo wangu wa kwanza mle. Alifanana na jagi.

---

Ukweli Mchungu

Mleta mada unaandika vizuri ila umetuzungusha. Twende kwenye hesabu. Shule haina wanafunzi wanaolipa, umekiri mwenyewe. Walimu walipwe na nini, na ramani za Afrika ukutani? Kila mzazi anayepiga kelele kwenye grupu, ukimuuliza mwanao yuko pale analipa? Kimya. Tunapenda vitu vya bure halafu vikifa tunaandamana.

Pili, VETA, vyuo vya ufundi vya serikali, ipo. Mtoto aende VETA apate cheti kinachotambulika. Dunia inakwenda kwenye kompyuta, nyie mnalilia tanuri la vyungu.

Tatu, kiwanja ni cha mtu. Nyumba yako ukitaka kuibomoa unaitisha mkutano wa mtaa?

---

Fundi Brashi

Nianze na wewe Ukweli Mchungu, kwa heshima.

Mimi naandika mabango tangu kabla ya mabango ya flekisi, yale ya plastiki ya kuchapwa kwa mashine, hayajafika mji huu. Pale shuleni sikumaliza hata kozi, ada ilinishinda. Mwalimu akaniambia njoo jioni ufagie, utajifunza. Nikajifunza herufi. Watu wanadhani kuandika bango ni kuwa na mwandiko mzuri. Thubutu! Unapaka kamba chokaa, wawili mnaishika huku na huku mnaivuta, unaibetua mara moja, unapata mstari ulionyooka ukuta mzima. Halafu unahesabu herufi. M na W zinakula nafasi, I haili kitu, A na V zikikaa jirani unazisogeza zikaribiane la sivyo zinaacha shimo. Ukikosea hapo neno HOTELI linaishia nje ya ukuta.

Flekisi zilipoingia wenzangu wengi waliacha, wakaenda kwenye boda. Mimi nilibaki kwa sababu jua la Dodoma na hili vumbi flekisi haimalizi miaka miwili haijapauka na kupasuka, upepo wa Julai unaimalizia. Rangi ya mafuta kwenye bati ukiipaka vizuri inakaa. Wateja wamerudi, tena wenye maduka makubwa. Na hao vijana wa kompyuta unaowasema, wawili niliowafundisha mimi sasa wanasanifu nembo. Walipoanza kwenye kompyuta moja kwa moja herufi zao zilikuwa zimelegea, mpaka walipokuja kushika brashi.

VETA naiheshimu, kuna fani ya kupaka rangi na kuandika mabango. Ila nipelekee mtoto wa miaka kumi VETA uone kama wanampokea.

---

Mama Wawili

Mimi sijui mambo ya viwanja. Mwanangu wa pili ni kiziwi. Huko kote nimezunguka naambiwa mama huyu mtoto mzito. Jumamosi pale mwalimu anaonyesha kwa mikono, na wenzake wote wanatazama mikono hiyo hiyo, kwa hiyo hakuna aliyebaki nyuma. Ameshachora mpaka mlango wa choo. Wakifunga, Jumamosi nampeleka wapi? Naomba huyo anayeuliza nani analipa ada anijibu, hata hiyo Jumamosi wakiweka bei mimi nitalipa.

---

Mpangamiji Mstaafu

Nimefanya kazi za mipango miji miaka mingi, sasa nalima zabibu, kwa hiyo sina maslahi na mtu.

Ukweli Mchungu, hoja yako ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote. Kiwanja cha mjini hapa nchini hakiwi "cha mtu" kwa namna ulivyosema. Ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, wewe unapewa haki ya kuitumia kwa muda na kwa masharti yaliyoandikwa kwenye hati. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 iko wazi hapo. Mojawapo ya masharti hayo ni MATUMIZI. Kama hati inasema elimu au huduma za jamii, huamki asubuhi ukajenga fremu. Unaomba kibali cha kubadili matumizi, na Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007 ina utaratibu wake, likiwemo suala la majirani kujua na kutoa pingamizi.

Kwa hiyo mleta mada, kabla ya kukusanya majina elfu, tafuteni kitu kimoja: kwenye mchoro wa mipango miji wa eneo hilo, kiwanja hicho kimepangiwa nini? Hilo linaulizwa idara ya ardhi kwa barua ya kawaida, mkiambatanisha namba ya kiwanja na kitalu. Kama ni cha biashara au makazi na biashara, mmebaki na hoja ya kuomba huruma tu. Kama ni cha huduma, mnayo hoja ya kisheria na mtazungumza mkiwa mmekaa kwenye kiti.

Angalizo: kufunga shule peke yake hakuhitaji kibali cha ardhi. Mtu anaweza kufunga geti, akaliacha jengo lioze miaka mitatu, halafu akasema "mnaona, gofu hili linafuga vibaka". Hiyo mbinu nimeiona sana. Kwa hiyo msiishie kwenye kiwanja, ombeni na shule iendelee kutumika.

---

Mtu wa Makole (mleta mada)

Mzee wangu Mpangamiji, shikamoo. Hapo umenifungua macho. Namba ya kiwanja tunayo, iko kwenye bili ya zamani ya maji aliyoitunza mlinzi. Barua tunaandika wiki hii.

Ukweli Mchungu, sina ugomvi na wewe, na hoja yako ya kwanza naichukua. Ada hailipwi vizuri na sisi wazazi tumelala. Ila angalia mambo mawili.

Moja, serikali yenyewe imebadili mtaala. Sera ya elimu ya 2014 toleo la 2023 imeleta mkondo wa amali, yaani wa ufundi, sekondari, na tangu 2024 kidato cha kwanza kimeshaanza. Sanaa za uchoraji ni somo linalotahiniwa na Baraza la Mitihani (NECTA) kidato cha nne siku zote, shule nyingi hazilifundishi kwa sababu hakuna mwalimu wala karakana. Sasa sisi tunayo karakana, mbovu lakini ipo, na walimu wapo. Badala ya sekondari za jirani kuingia mkataba wa kuleta wanafunzi wao mara mbili kwa wiki, tunaifunga. Hakuna aliyewahi kuziandikia hizo sekondari, nimeuliza walimu wakuu wawili, wote wameniambia wangekuja.

La pili ni hili la cheti. Tafuta historia ya George Lilanga. Mmakonde, alifika Dar akapata kazi ya ulinzi pale Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa miaka ya 1970 mwanzoni na Sista Jean Pruitt. Mlinzi! Akaonyesha anachoweza, wakampa nafasi ya kufanya kazi, mpaka anafariki 2005 kazi zake zilikuwa zimeshaonyeshwa Ulaya na Marekani. Na Edward Saidi Tingatinga kutoka Tunduru alianza mwaka 1968 na rangi za baiskeli kwenye hadibodi, akafa 1972. Miaka minne tu ya kazi, na leo watu wanakula kwa jina lake. Wote hao hawakuwa kwenye rejista ya mtu. Walichohitaji ni mahali penye wenzao, rangi, na mtu wa kutazama kazi akasema hapa umekosea. Jengo la Nyumba ya Sanaa pale mjini Dar nalo lilikuwa kwenye kiwanja kizuri sana, jirani na hoteli kubwa. Nenda kaulize kama kituo kipo bado pale.

---

Ukweli Mchungu

Mifano mizuri ila Lilanga ni mmoja kwa wangapi? Kwa kila Lilanga kuna mia wanaouza picha za simba barabarani watalii hawanunui. Bado hujanijibu mishahara inatoka wapi. Hata mkishinda hiyo kesi ya matumizi, mwezi wa kwanza mwalimu anataka kula.

---

Kijana wa Nkuhungu

Hapo sasa. Mimi ni kati ya vijana wa kozi, niko mwaka wa mwisho. Tulishakaa wenyewe tukaandika mpango, mwalimu anao, hakuna aliyeusoma.

Halmashauri zote zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimama 2023, ikarudi 2024. Sisi tuna kikundi, tunakosa usajili tu uliokwamia kwenye katiba ya kikundi. Kuna na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaokopesha wasanii. Kwa mkopo tunataka kutengeneza tanuri na kununua kompresa ya rangi. Kazi ya kuchora kuta za shule ipo, kila shule mpya inataka. Kule Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, majengo yanaota kila siku, ofisi zinaagiza picha za ukutani kutoka Dar na China wakati sisi tuko hapa kilomita chache tu. Tumeshachora mapokezi ya ofisi moja, walitulipa kwa kuchelewa ila walilipa.

Kuhusu picha za simba, kweli. Tumechoka nazo hata sisi. Mwalimu kapiga marufuku kuchora simba mpaka mtu awe amechora kwanza bibi yake.

---

Mpangamiji Mstaafu

Niongeze wazo, mnaweza kunipiga mawe. Mbele ya kiwanja kuna uwazi wa kutosha kutoka barabarani mpaka darasa la kwanza, napajua. Mmiliki ajenge fremu sita mbele, shule ibaki nyuma, kodi ya fremu mbili iendeshe shule. Makanisa na misikiti mjini hapa yanafanya hivyo kila siku. Kibali cha matumizi mchanganyiko kinaombwa vilevile.

---

Mama Wawili

Fremu mbele, watoto watapita wapi? Na ikiwa baa?

---

Mpangamiji Mstaafu

Mama, hayo yanaandikwa kwenye mkataba wa upangaji. Baa hairuhusiwi, kichochoro cha mita tatu kibaki. Swali zuri, liulize mkutanoni.

---

Mtu wa Makole (mleta mada)

Kwenye grupu la wazazi wazo hili lilishatajwa na aliyelitaja akaitwa msaliti. Mimi nalipenda. Nasema wazi. Anayetaka shule ibaki ilivyo, na bati lile linalovuja, anataka kumbukumbu zake za utotoni zibaki. Fundi Brashi hapo juu alijifunza kwa kufagia. Leo mwanafunzi kama yeye afagie wapi kama geti lina kufuli? Mmiliki akipata kodi yake na watoto wakapata darasa lao, mimi nitakata utepe mwenyewe.

Ila mpango huo aulete kwenye mkutano akiwa ameuandika, maana ahadi za mdomo juu ya kiwanja cha lami tumeshazisikia nyingi.

Taarifa: mwenyekiti wa mtaa amekubali mkutano Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, chini ya mwarobaini ofisi ya mtaa. Mtendaji ameomba ajenda kwa maandishi, ameipokea na nakala yetu ameigonga muhuri. Diwani ameahidi kulipeleka kwenye kamati ya maendeleo ya kata kama mkutano utapitisha azimio. Kwa hiyo tunahitaji watu, siyo "tuko pamoja" za kwenye simu. Akidi isipotimia mkutano unaahirishwa na muhula unakwisha.

Kijana wa Nkuhungu, huo mpango wenu utoe nakala kumi, usome wewe mwenyewe pale mbele, siyo mwalimu. Mama Wawili, njoo na mtoto.

---

Fundi Brashi

Nachora bango bure. Nipeni maneno, yasizidi matano. Yakizidi, aliye kwenye boda hawezi kuyasoma.

---

Mzabibu Mkavu

"SHULE IBAKI, FREMU ZIJE MBELE." Matano hayo.

---

Fundi Brashi

Wazazi wenyewe bado hawajakubaliana na fremu, utaniletea ngumi. Naandika "SHULE YA SANAA IBAKI". Manne, na nafasi inabaki ya kuchora brashi.

---

Ukweli Mchungu

Sijabadili msimamo, hesabu kwanza. Ila huo mpango wa vijana nataka kuusikia. Nitakuja.

---

Mtu wa Makole (mleta mada)

Karibu sana mkuu, na maswali yako uje nayo yote. Saa nne kamili, siyo ile saa nne ya kadi za harusi.